Gumzo la ukoo: akaunti zilizofungwa Ottawa

Idi, 2:10 usiku
Asalaam alaykum jamaa zangu, na shikamooni nyote mlionizidi umri. Juma lijalo chuoni kwetu kutakuwa na mdahalo, na hoja iliyowekwa mezani ni kwamba Kanada ni mfano wa kuigwa katika uhuru wa kusema. Nimepangwa upande wa kupinga, na nakiri kwamba sijui nianzie wapi, kwa sababu tangu utotoni nimeisikia nchi hiyo ikisifiwa ndani ya nyumba hii hii. Ami Hamadi na Dada Salma, nyinyi mnaishi huko. Naomba mnieleze mnayoyajua kwa macho yenu, si yale yanayosambazwa mitandaoni.

Shangazi Rukia, 2:16 usiku
Marahaba, mwanangu. Naona umepewa upande mgumu. Serikali yetu hapa Kenya, mwaka 2018, ilimpandisha wakili wa upinzani Miguna Miguna ndegeni kwa nguvu ikampeleka Kanada ilhali mahakama zilikwisha kuamuru aachiwe, na hakurudi nyumbani hadi Oktoba 2022. Mtu anapofukuzwa kwao kwa ajili ya maneno yake, hukimbilia huko huko kwa ami yako. Tuwe waangalifu tusije tukakufuru neema za watu.

Ami Hamadi, 2:31 usiku
Waalaykumu salaam. Dada Rukia, siikufuru neema. Nimeishi Ottawa miaka kumi na tisa, nimelea watoto watatu, na hakuna askari aliyewahi kunigongea mlango usiku. Lakini Idi ameuliza swali la kweli, nami nina jambo nililolibeba tangu Februari 2022 bila kulitaja katika kikundi hiki. Mnivumilie, kwa maana nitaandika kwa urefu.

Ami Hamadi, 2:46 usiku
Kuanzia tarehe 15 Januari 2022, serikali ya shirikisho iliamuru kwamba dereva wa lori wa Kanada anayerudi kutoka Marekani bila chanjo ya korona awekwe karantini. Madereva waliokataa amri hiyo walikusanyika kutoka pembe zote za nchi, wakaingia Ottawa mwishoni mwa mwezi, wakaegesha malori yao katika barabara ya Wellington mbele ya Bunge, na wakawa wakipiga honi mchana na usiku. Mimi ni dereva kama wao, nilikuwa nimechanjwa, na sikuwaunga mkono hata siku moja. Wakati huo tulikuwa tukikaa mitaa ya kati, na mwanangu mdogo alikuwa analala na mto juu ya masikio. Baadhi yao walionekana wakipeperusha bendera za chuki ambazo mtu mweusi hawezi kuzitazama na moyo wake ukatulia. Niliwachukia, na sifichi.

Sasa tazameni kilichofuata, kwa sababu ndicho kiini cha swali la Idi. Binti mmoja wa miaka 21 tu, mkazi wa mitaa ile ile, alikwenda mahakamani, na tarehe 7 Februari jaji akatoa amri ya kuzuia honi. Kule Windsor, Daraja la Ambassador, ambalo hupitisha karibu robo ya bidhaa zote zinazouzwa baina ya Kanada na Marekani, lilikuwa limezibwa. Mahakama ikatoa amri, polisi wakaenda, na tarehe 13 Februari njia ikawa wazi. Yote hayo yalifanyika kwa sheria za kawaida. Siku iliyofuata, tarehe 14, Waziri Mkuu Justin Trudeau akatangaza kwamba anaitumia Sheria ya Hali ya Dharura, sheria ya mwaka 1988 ambayo tangu itungwe ilikuwa haijawahi kutumiwa.

Salma, 2:52 usiku
Shikamoo Ami. Nakumbuka siku hiyo vizuri. Nilikuwa katika chumba cha walimu hapa Montreal, na sote tulipiga makofi. Mmoja wetu alisema kwamba hatimaye serikali imekumbuka kuwa ni serikali, nami niliitikia kwa kichwa.

Ami Hamadi, 3:05 usiku
Marahaba, mwanangu. Hata mimi nilifurahi, na ndiyo maana naliona jambo hili ni zito. Chini ya tangazo lile, benki ziliagizwa kuzifunga akaunti za watu waliohusika na maandamano bila amri ya jaji, na sheria ikazikinga benki hizo zisishtakiwe kwa kutii agizo hilo kwa nia njema. Akaunti zipatazo 280, zenye jumla ya dola milioni 8 hivi, zilifungwa. Kwa nchi tajiri hizo si fedha nyingi, na watu wengi husema hivyo ili kulipuuza jambo lenyewe.

Mwenzangu mmoja kazini, ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa na lori lake Wellington. Akaunti aliyoitumia ilikuwa ya yeye na mkewe pamoja. Mke hakuwahi kukanyaga maandamano. Alikuwa nyumbani na mtoto mwenye pumu. Alikwenda duka la dawa, akaweka kadi kwenye mashine, ikakataa. Akajaribu mara ya pili, ikakataa. Akatoa kadi nyingine, nayo ni ya akaunti ile ile. Nyuma yake palikuwa na watu wanne waliosimama wakimtazama. Alipopiga simu benki, aliambiwa kwamba hawawezi kumweleza sababu wala siku ya kufunguliwa, na kwamba hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko. Alikuwa akinisimulia haya jikoni kwake huku akiigeuzageuza kadi ile mkononi.

Mimi nilikuwa nimewachukia watu wale hata nikasahau kuuliza ni mlango gani unaovunjwa ili kuwafikia.

Idi, 3:11 usiku
Ami, mahakama zilisemaje baadaye? Upande wa pili bila shaka watasema kwamba jambo hili lilichunguzwa na likaisha.

Ami Hamadi, 3:20 usiku
Lilichunguzwa, na hilo uliseme kwa uadilifu. Sheria yenyewe hudai uchunguzi. Jaji Paul Rouleau aliongoza tume, na ripoti yake ya Februari 2023 ilisema kwamba kiwango cha kisheria cha kutangaza dharura kilifikiwa, ingawa alifikia uamuzi huo kwa kusitasita na akakiri kwamba mtu mwingine mwenye busara angeweza kuona vinginevyo. Pia aliikosoa serikali kwa kutoweka njia ya mtu kuiondoa akaunti yake kifungoni. Halafu, tarehe 23 Januari 2024, Jaji Richard Mosley wa Mahakama ya Shirikisho aliamua kwamba tangazo lile halikuwa na msingi wa kutosha, na kwamba amri zake zilivunja haki ya kujieleza na haki ya kutopekuliwa ovyo, ambazo zimo katika Hati ya Haki na Uhuru ya mwaka 1982, iliyo sehemu ya katiba ya Kanada. Serikali ilikata rufaa.

Kuna jambo moja katika hukumu ya Mosley ambalo nalirudia mara kwa mara moyoni. Aliandika kwamba kama angeketi mezani pamoja na mawaziri siku zile, huenda naye angekubali kwamba hatua ile ni ya lazima. Jaji mzima, baada ya kusikiliza mawakili na kusoma kila karatasi, anakiri kwamba hofu ya siku ile ingeweza kumchukua hata yeye.

Shangazi Rukia, 3:27 usiku
Hapo ndipo ninaposimama mimi, kaka. Serikali ilishitakiwa, ikashindwa, na jaji akaenda kulala kwake salama. Tangazo lenyewe lilidumu siku tisa tu, kwa maana nakumbuka lilifutwa tarehe 23 Februari. Ni wapi tena unapata dharura ya siku tisa?

Ami Hamadi, 3:35 usiku
Ni kweli, dada, na Idi asilifiche hilo. Lakini hukumu ilitoka karibu miaka miwili baada ya kadi kukataa, na wakati huo mwenzangu alikwisha kuuza lori. Tena hii haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 1970, kikundi kilichotaka jimbo la Quebec lijitenge na Kanada kilimteka mwanadiplomasia wa Uingereza, James Cross, kisha waziri wa jimbo, Pierre Laporte. Pierre Trudeau, babake Justin, alitumia Sheria ya Hatua za Vita, na karibu watu 500 walikamatwa bila hati, miongoni mwao washairi, waimbaji na wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Wengi waliachiwa bila kushtakiwa kwa lolote. Laporte aliuawa, kwa hiyo hatari ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, washairi hawakumteka mtu. Sheria ya 1988 ilitungwa kusudi yale yasirudiwe.

Salma, 3:48 usiku
Nami niongeze langu, Idi, kwa sababu hupati picha kamili ukiitazama Ottawa peke yake. Mwaka 2019 Quebec, jimbo letu sisi wa Montreal, ilipitisha Sheria ya 21, inayowakataza walimu wa shule za umma, polisi, mawakili wa serikali na wengineo kuvaa alama za dini kazini. Serikali ya jimbo ilijua kwamba sheria hiyo ingegongana na Hati ya Haki, kwa hiyo ilikitumia mapema kifungu cha 33, kinachoruhusu bunge kuzifunika baadhi ya haki kwa miaka mitano mitano. Muda ulipoisha mwaka 2024, wakakitumia tena.

Mimi niliajiriwa kabla ya sheria, kwa hiyo ninaruhusiwa kuendelea na hijabu yangu mradi nisibadilishe wadhifa. Mwaka jana niliulizwa kama ningependa kuwa naibu mwalimu mkuu. Nilijibu kwamba napenda, kisha nikaeleza kwamba siwezi, na aliyeniuliza akaona haya akatazama dirishani. Kila asubuhi nafundisha watoto wa darasa la tatu neno *liberté*, yaani uhuru, nami nimefungwa katika kiti kile kile kama msumari.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Wale waliopaza sauti Ottawa juu ya uhuru sikuwasikia wakinitetea mimi. Lakini nami, akaunti zao zilipofungwa bila jaji, nilipiga makofi. Tulikuwa tunalindwa na Hati ile ile, na kila mmoja alishika ukurasa wake tu.

Ami Hamadi, 3:53 usiku
Mwenzio akinyolewa, zako tia maji, Salma. Sisi hatukutia.

Idi, 3:59 usiku
Nimesoma pia juu ya muswada wa kuzuia madhara ya mtandaoni. Je, ni kweli kwamba mtu angefungwa maisha kwa maneno?

Salma, 4:12 usiku
Uuelewe vizuri kabla ya kuutaja, kwa sababu umepotoshwa sana. Muswada C-63 uliletwa Februari 2024 na Waziri wa Sheria Arif Virani. Sehemu yake kubwa ilihusu kuzilazimisha kampuni za mitandao kuwalinda watoto na kuondoa picha za unyanyasaji, na hapo mimi niliuunga mkono kwa dhati. Lakini ndani yake waliingiza mambo mengine. Adhabu ya kuchochea mauaji ya kimbari ingepanda kutoka miaka mitano hadi kifungo cha maisha. Jaji angeweza kumwekea mtu masharti kwa hofu kwamba *atatenda* kosa la chuki siku zijazo. Na baraza la haki za binadamu lingeweza kumtoza msemaji hadi dola 20,000 za kumlipa aliyeumizwa na hadi 50,000 za serikali. Muswada ulikufa Januari 2025 Bunge liliposimamishwa.

Virani mwenyewe alizaliwa Kampala, na familia yake ilikimbia mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia. Sina shaka kwamba mtu huyo anajua chuki inavyoanza kwa maneno. Ninachouliza ni kama alijiuliza chombo kile kingeshikwa na nani baada yake.

Shangazi Rukia, 4:20 usiku
Basi niruhusuni niulize la nje, maana Kanada haikosi kuwasomesha wengine. Agosti 2018 waziri wake wa mambo ya nje aliikemea Saudia hadharani kwa kumkamata Samar Badawi, mtetezi wa wanawake. Saudia ikamfukuza balozi na kuwaita nyumbani maelfu ya wanafunzi. Nilidhani Kanada imesimama na haki.

Ami Hamadi, 4:29 usiku
Ilisimama kwa maneno, dada. Lakini magari ya kivita yanayoundwa London, Ontario, kwa mkataba wa mwaka 2014 wenye thamani ya dola bilioni 15 hivi, yaliendelea kupelekwa Saudia. Vilevile, Septemba 2023 Trudeau alisimama bungeni akaeleza kwamba kuna madai ya kuaminika yanayowahusisha mawakala wa India na mauaji ya Hardeep Singh Nijjar, raia wa Kanada aliyepigwa risasi nje ya hekalu la Masinga, yaani waumini wa dini ya Kisikh, huko Surrey. Mtu aliuawa katika nchi ya Hati ya Haki, na inadaiwa ni kwa ajili ya siasa aliyoihubiri. Wanadiplomasia 41 wa Kanada waliondoka India kwa mgogoro ule. Juni 2025 Mark Carney, aliyemrithi Trudeau, alimwalika Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, katika mkutano wa nchi tajiri za G7 kule Kananaskis. Biashara ina haki zake, naelewa, hasa wakati Marekani inakubana kwa ushuru. Ila Masinga ninaobeba nao mizigo waliinamisha vichwa siku ile, na sikuwa na la kuwaambia.

Bibi, 4:41 usiku
Haya anaandika Rukia, mimi nasema. Hamadi mwanangu, nimesomewa yote. Mambo ya mabunge nawaachia nyinyi. Nataka kujua yule mama wa duka la dawa, je, mtoto alipata dawa?

Ami Hamadi, 4:50 usiku
Shikamoo Mama. Alipata. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake katika foleni alilipa dola 43 na akaondoka bila kutaja jina. Akaunti ilifunguliwa baada ya siku tano. Nilipowatembelea mwezi uliopita, yule mama alinifungulia kabati la vyombo akanionyesha kopo la biskuti lililojaa noti za ishirini ishirini. Haziweki benki tena, na kila Ijumaa huongeza moja.