Wikiendi moja Dar, nakuja kula tu. Nianzie wapi?

Mjukuu wa Makole

Wakuu habari zenu. Mimi na wife tunashuka Dar Ijumaa jioni kwa SGR, tunarudi Dom Jumapili jioni. Hatuji kwenye harusi, hatuji msibani, hatufuati mzigo, ni kula tu basi. Huwa nakuja kikazi, nashinda kwenye mikutano, usiku chipsi kuku ya hapohapo lodge, kesho yake nimepanda gari nimerudi, nikifika nyumbani watu wananiuliza ulikula pweza? urojo je? sina la kuwajibu.

Tutalala Kariakoo upande wa Gerezani, usafiri binafsi hatuna. Ya kula tumetenga laki na nusu kwa wote wawili. Kitimoto, yaani nguruwe, hatuli. Wife pilipili kali hawezi na tumbo lake lina maneno mengi. Zile restoranti za Masaki za menyu kama daftari sitaki, nataka kile ambacho mtu wa Dar mwenyewe anavaa ndala anatoka kwake kukifuata. Wapi, na saa ngapi?

Kijana wa Mapipa

Mkuu karibu. Nimependa umeuliza na saa ngapi maana huku vyakula vina zamu. Supu ni ya alfajiri, ukija saa nne unakuta sufuria limebaki mifupa na mwenyewe anaosha vyombo. Samaki wa Feri, lile soko la samaki, ni mchana. Urojo ni baada ya alasiri. Pweza hutamuona mpaka jua lizame. Mtu akikuambia sehemu bila saa hajakusaidia kitu.

Kufikia Gerezani umelenga, basi la mwendokasi liko mlangoni. Ile njia ya Kivukoni ndiyo njia yako ya kulia: unashuka kituo cha Kisutu unakula, unapanda tena unaenda kuishia Kivukoni, Feri hii hapa. Foleni utaisikia kwa wengine.

Ijumaa mmechoka na safari, nendeni Kisutu tu. Usiku ile mitaa ya Jamhuri na Libya inageuka jiko, meza zinatolewa nje, moshi wa kuku unakupokea kabla hujafika. Pale kona ya Morogoro Road na Libya kuna Mamboz, kuku wao wa mkaa watu wanamfuata kutoka mbali. Shemeji aagize isiyo na pilipili, aseme mapema kabla kuku hajapakwa.

Jumamosi amkeni mapema, saa moja muwe mmeshakaa kwenye supu. Pale Kariakoo usiulize jina la mgahawa, angalia wapi wapagazi wa sokoni wamekaa na wewe kaa. Makongoro au utumbo, chapati mbili, ndimu, basi. Ukitoka hapo tafuta wale wa kahawa wenye birika juu ya mkaa, kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata ya karanga, unakunywa umesimama unasikiliza watu wanabishana Simba na Yanga. Mchana Feri, jioni ufukwe wa Coco kwenye mihogo, usiku njooni kwetu Magomeni kwenye pweza.

Bandidu wa Sinza

Mkuu usimsikilize huyo, panda bajaji njoo Sinza Jumamosi usiku, kitimoto rosti na ndizi za kukaanga hutajuta

Mjukuu wa Makole

@Bandidu soma posti mkuu hahaha

Bandidu wa Sinza

Daah samahani kaka nimerukia comments. Basi wewe njoo unywe soda.

Mama Aqila

Kijana wa Mapipa umempangia mtu mzima ratiba ya jeshi, supu, kahawa, Feri, Coco, pweza, siku moja? Na mwenzie tumbo lake keshasema. Kaka Makole achana na hiyo, chagua vitu vitatu kwa siku, katikati mrudi mkalale, joto la Dar si la Dodoma, la huku linakulowesha.

Halafu urojo hamjamuelekeza. Mimi nimezaliwa Unguja nimeolewa Upanga kwa hiyo nitasema ukweli wangu, urojo wa Dar mwingi umekuwa uji wa manjano tu. Mzuri utaujua kwa uchachu. Ule mchuzi unapikwa na unga na manjano na embe mbichi, embe isipokuwepo wanakamulia ndimu nyingi, ukionja ukaona hauchachi rudisha bakuli. Ndani uwe na viazi, bajia, kachori, mishkaki miwili mitatu, juu chatne ya nazi na zile chipsi za muhogo nyembamba ambazo zinatakiwa zilie mdomoni. Muuzaji akikutilia chipsi mwanzo halafu akamwagia mchuzi juu, huyo hajui kazi, kwangu zinawekwa mwisho. Nendeni Kisutu au Upanga saa kumi na moja jioni, muulizeni mama yeyote wa Kihindi au wa Kizanzibari anayepita atawaonyesha, kila mmoja ana wake anayemuapia. Pilipili inawekwa mbali, mwambieni asitie.

Wifi kuhusu tumbo: kinachotoka motoni ale, kilichopoa asiguse. Kachumbari ya barabarani na juisi ya ndoo aviache. Akisikia kiu madafu, yapo kwenye baiskeli kila kona, yanapasuliwa mbele ya macho yake.

Mvuvi Mstaafu

Feri naomba nisemee mimi. Watu wanawapeleka wageni pale wanaangalia mnada, wanapiga picha, wanaziba pua wanaondoka, wakati raha iko upande wa wakaangaji. Kuna karai kubwa za mafuta zimepangwa mstari, moto wa kuni, macho yatakuwasha kwa moshi. Mnaweza kununua samaki wenu kwa wachuuzi, mkampa mtu anamparua na kumsafisha, halafu mnampeleka kwa mkaangaji mnalipia kukaangiwa. Kila hatua ina mtu wake na bei yake, patana kabla kisu hakijagusa samaki, samaki akishaparuliwa huna sauti.

Kwa watu wawili chukua changu wa wastani, au vibua kadhaa kama mnataka rahisi, ngisi kidogo juu. Angalia jicho liwe angavu limejaa, fungua shavu uone wekundu. Jicho lililozama pita. Mwambie mkaangaji akaushe, maana wana haraka na foleni ni ndefu anaweza akakutolea wa nje mwekundu ndani mbichi. Mkishapata fungeni kwenye gazeti, tafuteni ugali wa moto kwa mama lishe palepale. Viatu msivae vya harusi, chini maji ya samaki mwanzo mwisho.

Mkiwa na nafasi pandeni pantoni mkavuke Kigamboni mrudi, chakula kishuke.

Kijana wa Mapipa

Mzee heshima yako. Mama Aqila nimekusikia, tutoe Coco basi.

Dada wa Msasani

Coco mnaitoaje jamani?? Mtu aje Dar asile mihogo ya Coco! Toeni supu, supu hata Dodoma ipo. Mihogo ile inakaangwa inapasuka, unapewa na pilipili ya kusaga pembeni, mishkaki ya moto, upepo wa bahari, ndio Dar yenyewe hiyo. Ila mwende Jumamosi. Jumapili jioni mji mzima uko pale, mtakaa kwenye bajaji muda mrefu kuliko ufukweni na treni itawaacha. Na muulize bei kabla ya kukaa, mimi mwaka juzi kwenye ufukwe mmoja sitautaja nililetewa bili ya samaki nikadhani wameniuzia na ngalawa.

Mjukuu wa Makole

Aisee mmenifungua. Sasa naomba mnisaidie mawili. Pweza tunakulaje, wife anaogopa hata kumtazama. Na nyama choma hamjaitaja kabisa, kuna mtu kaniambia mnada wa Pugu?

Kijana wa Mapipa

Nyama choma mtu anayetoka Dom? Mkuu kwenye mnada wenu wa Msalato Jumamosi mnachoma nyama tunawaonea wivu, uje huku Pugu kufanya nini na nyama hiyohiyo? Ni mbali pia, itakula nusu siku. Hifadhi tumbo.

Pweza ni kitu rahisi. Ni meza ndogo barabarani, taa moja, sinia, pweza keshachemshwa amekuwa mwekundu. Jamaa anakata vipande mbele yako, vidogo vya bei ndogo na vya kwenye mkono mnene vya bei kubwa, unachoma kwa kijiti cha meno unachovya kwenye bakuli la pilipili na chumvi unatia mdomoni, umesimama. Shemeji asichovye. Aanze na kile cha ncha ya mkono, kimekauka kidogo kinatafunika vizuri, vile vyenye vikombe vikubwa vinatisha mgeni. Mwisho mnahesabiana vipande mnalipa. Kuna na supu yake kwenye kikombe, wazee wanaisifia kwa mambo yao ya ndani, mimi nakunywa kwa sababu ya ladha tu wallahi.

Bandidu wa Sinza

Ladha tu eti 😂

Mama Aqila

Basi mpangeni hivi, Ijumaa usiku kuku Kisutu. Jumamosi asubuhi supu kidogo kwa anayetaka, wifi ale vitumbua na chai ya maziwa, mchana walale, saa kumi na moja urojo bakuli moja wagawane, saa mbili Coco. Jumapili saa nne wawe Feri, wakirudi wafungashe mizigo. Pweza wamuweke Ijumaa baada ya kuku, vipande vitatu vinne tu havijazi. Laki na nusu itabaki kaka, zitakazobaki wanunulie watu wa nyumbani ubuyu wa Zanzibar pale Kariakoo.

Mvuvi Mstaafu

Feri Jumapili saa nne sawa ila wasichelewe zaidi ya hapo, na wabebe chenji. Mkaangaji ukimpa noti ya elfu kumi anakwenda kuitafutia chenji anasahau kukurudia.

Mjukuu wa Makole

Nimempa wife simu asome mwenyewe, amekubali vyote isipokuwa pweza, anasema atanishikia kijiti. Ijumaa hiyo tunaingia, Mapipa nikutafute inbox unielekeze ile meza ya pweza iko upande gani wa kituo.