Benzi ya zamani: 215/65 R15 yanasugua fenda, nifunge yapi?

Mwana Mikindani: Habari za humu wakuu. Nina Mercedes-Benz 230E ya 1990, kaniachia baba mdogo. Matairi yamekwisha, yalikuwa 195/65 R15. Hapa Mtwara mjini nimeikosa saizi hiyo, muuzaji ananisukumia 215/65 R15, eti "yanajaza gari". Nikafunga moja kujaribu. Kukata usukani hadi mwisho, krrr! Linasugua plastiki ya ndani ya fenda.

Korosho Daraja la Kwanza: Mrudishie. Hilo limezidi kimo la zamani kwa sentimita 2.6, spidi mita itakudanganya: inasoma 100, wewe uko 104. Tafuta 205/60 R15. Ni fupi kwa milimita 7 na nusu tu. Mimi natembelea hayo, Masasi na kurudi, sijajuta.

Mwana Mikindani: 205/60 yapo, ila mtumba. Kashata, yale meno ya tairi, bado nene kabisa.

Babu wa Lindi: Mjukuu wangu, kashata zisikuhadae. Soma ubavuni, tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 3512 ni wiki ya 35, mwaka 2012. La kwangu lilikuwa na kashata hivyohivyo, likapasuka sijafika Mnazi Mmoja, jua la saa saba. Ubavu ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mvuvi, nikajifanya sioni. Na namba ya mzigo, ile inayoonyesha uzito tairi linaoweza kubeba, isishuke chini ya 91.

Mwana Mikindani: Shikamoo babu. Nimerudi kuyakagua: 0811, kumbe ya 2011. Naagiza mapya Dar, yaje na basi.