Tupeane uzoefu: upendo wa Mungu ulikukuta ukiwa katika hali gani?

Mwanzisha mada, Kampala: Wapendwa, Bwana asifiwe. Paulo anawaambia Warumi (5:8) kwamba Kristo alitufia tungali wenye dhambi, yaani hata toba hatujafikiria. Lakini Jumapili nasikia: panda mbegu (yaani toa sadaka), funga, ndipo Mungu akuone. Mahubiri tunayo ya kutosha. Leteni yaliyowakuta.

MamaMitumba, Arua: Nilizalia nyumbani bila ndoa, wamama wa kanisa wakawa wananikwepa sokoni. Akaja mmoja tu, na unga wa muhogo na mukene (dagaa). Akamwogesha mtoto, akafua nepi, akaenda zake. Kanisa hakulitaja kabisa.

BodaMbale: Pole dada. Ila huo si wema wake tu? Mungu anaingiaje?

MamaMitumba: Hata mimi nilimuuliza. Akacheka, akasema hakuwa akinipenda hata kidogo, na kwamba angefuata moyo wake asingefika. Eti alipendwa kwanza, sasa atafanyaje? Nilipofungua 1 Yohana 4:19 nikayakuta maneno yake.

MtembeziNamugongo: Mimi kila 3 Juni naenda kwa miguu Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda waliouawa kwa imani yao. Niliomba kazi, sikupata. Bado naenda. Sina zaidi.

Mzee wa Kigezi: Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa Februari 1977, enzi za utawala wa Rais Idi Amin. Askofu wetu Festo Kivengere akakimbia nchi, baadaye akatangaza kwamba amemsamehe Amin. Sisi baba yetu alichukuliwa na gari usiku, zama hizo hizo. Mama alimkasirikia Kivengere mpaka anaingia kaburini: "Asamehe la kwake, la kwangu aniachie." Lakini sala hakuacha. Alikuwa akimgombeza Mungu jikoni kwa sauti, kama mtu na mumewe, sisi watoto tunasikia. Wachungaji walimwonya anakufuru. Mimi naona mtu hagombani hivyo na asiyemwamini kuwa anampenda.

BodaMbale: Mzee, mama alimsamehe Amin mwishowe?

Mzee wa Kigezi: Hapana. Redio iliposema Amin amefia Jeddah, 2003, aliizima akaendelea kuchambua maharage. Sasa mwanzisha mada, na mimi nikuulize: huo mstari wako wa Warumi, Amin yumo?

Mwanzisha mada: Kwa jinsi ulivyoandikwa, yumo. Na hapo ndipo ninapokwama mimi mwenyewe, mzee wangu. Wengine mnasemaje?