MJADALA: Ngitili ya kijiji igawiwe kila kaya ipate chake, au ibaki ya wote?

Mleta mada:
Wadau habari zenu, naomba tulijadili hili maana huku usukumani linagombanisha watu sana. Kijijini kwetu, mkoa wa Shinyanga, kuna wenzetu wamepeleka hoja serikali ya kijiji kwamba ngitili ya kijiji ikatwe vipande, kila kaya ipate chake, anayetaka kulima alime na anayetaka kufuga afuge. Wanasema mvua hazieleweki, watu tumeongezeka, vijana hawana pa kulima, sasa eneo kubwa vile limekaa na nyasi la nini. Mimi napinga.

Kwa wasio wa huku, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza mwezi wa 11, mifugo haiingii mpaka kiangazi kikolee, mwezi wa 7 au wa 8 huko. Na halifunguliwi lote kwa mpigo, linaliwa kipande hiki kikiisha ndo kile, na wanaotangulia ni maksai, ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na wale waliodhoofu. Kundi lililobaki linaendelea na mabua mashambani.

Sasa watu wakisikia nyasi wanafikiria ng'ombe tu, wanasahau kwamba wengi wetu plau linavutwa na hao hao maksai. Siku hizi mvua ya kwanza inashuka siku mbili tatu halafu inakata wiki kadhaa, ile nafasi ndogo ndo ya kulimia. Maksai aliyetoka kiangazi mifupa nje hawezi kuvuta plau, atafika katikati ya shamba analala chini, inabidi umsubiri majani mapya yaote ale kwanza apate nguvu, ukija kupanda wenzio wako kwenye palizi, mvua ikikatika mapema mahindi yako yanakaukia kwenye mbelewele. Kwa hiyo hata shamba lako linategemea ngitili. Tunasema tujiandae na mabadiliko ya tabianchi, maandalizi yenyewe ndo hayo tunataka kuyalima.

Na tulishawahi kufika huko. Miti ya Shinyanga ilifyekwa tangu miaka ya 1920 kumaliza mbung'o, ikaja pamba ikala mapori, ikaja operesheni vijiji miaka ya 70 watu wakahamishwa na ngitili zao zikabaki nyuma, mpaka Mwalimu Nyerere akaja kupaita jangwa la Tanzania. HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga) inaanza 1986, ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta kama 600 tu. Inafungwa 2004 zimeshapita hekta 300,000 kwenye vijiji 833. Mwanzoni mradi ulikazana na vitalu vya miche, watu hawakuchangamkia sana, walipogeukia ngitili ambayo mababu zetu walikuwa nayo ndo mambo yakaenda, na ulinzi ulikuwa wa dagashida (mkutano wa jadi wa Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa jadi), ukiingiza ng'ombe kabla ya muda unatozwa mchenya (faini ya kimila) na hakuna wa kukutetea. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa Kahama:
Mkuu umeeleza vizuri ila umeruka kitu. Hizo hekta 300,000 unazosema karibu nusu yake ni ngitili za watu binafsi na familia, sio za kijiji. Tena tembea uone, ngitili ya mtu ina miti, ina nyasi mpaka kiunoni, ya kijiji imebaki visiki. Usiku mkaa unachomwa, asubuhi kila mtu anasema hajaona. Kwetu viongozi walikuwa wanapokea hela kwa wenye makundi makubwa kutoka nje, ng'ombe mia tatu wanaingia mwezi wa 5, ikifika mwezi wa 8 sisi tunafunguliwa vumbi. Mi nagawa hata leo, kila mtu alinde chake. Hiyo dagashida unayoisifia nani anaiogopa sasa hivi?

Mchangiaji mwingine:
Na asiye na ng'ombe je? Mimi ni mjane, nina mbuzi wanne, miaka yote naambiwa ngitili ni ya wote, ikifunguliwa anaenda mwenye ng'ombe themanini anamaliza. Mimi napata kuni na nyasi za kuezekea, na hizo nazo mpaka nibembeleze kamati. Wakinipa hekari zangu mbili nalima choroko, angalau najua nina kitu. Msituzungumzie maksai, tusio nao ni wengi.

Mleta mada:
Dada yangu hoja yako ndo nzito kuliko zote hapa na siikwepi. Ila tuangalie hizo hekari mbili. Mwaka ambao mvua imekataa choroko haitoki, na mwaka huo huo ndo mwenye ng'ombe themanini atakuja na laki kadhaa mkononi, mtoto anaumwa, ada haijalipwa, utauza. Baada ya misimu michache eneo lote litakuwa la watu watano wenye mifugo mingi na hizo kuni utaenda kuomba kwenye shamba la mtu. Halafu hati itaandikwa jina la nani, kwa kaya nyingi huku tunajua majibu.

Kahama nakubaliana na wewe kwamba viongozi wanauza nyasi, hilo lipo na linaniuma. Lakini dawa ya anayeuza nyasi ni kumtoa kwenye kamati na mapato yasomwe mkutanoni. Ngitili ya mtu inastawi kwa sababu ina sauti moja, sawa kabisa, ila wenye hizo ngitili wengi ni wale wenye ardhi ya kutosha kuifunga miezi nane na bado wakala. Ukimpa hekari mbili mtu asiye na ardhi nyingine hawezi kuifunga hata mwezi, lazima ailime, na udongo wetu ukishafyekwa na kulimwa mfululizo mvua ya kishindo inaubeba wote mpaka kwenye lambo. Lambo likijaa tope mwezi wa 9 tunagombania maji na hapo hata wewe wa Kahama ngitili yako haikusaidii.

Mchangiaji wa tatu:
Niongezee upande wa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia, kwa hiyo wasiwatishe kwamba imeshapita. Na mkitaka kuilinda kuna njia, mpango wa matumizi ya ardhi mnaitenga rasmi, mnaandika sheria ndogo na adhabu zake, zinapelekwa halmashauri ya wilaya. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi vilitunza misitu yao leo vinaingiza fedha za hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa hiyo, wanajenga zahanati na madarasa. Sisemi ngitili zenu zitapata, ila mkishagawa mlango umefungwa.

Mchangiaji wa Kahama:
Hewa ukaa acheni kwanza, mkutano uko karibu na watu wana njaa. Mleta mada unapendekeza nini hasa? Maana kupinga tu haitoshi.

Mleta mada:
Haya nasema. Moja, kila ng'ombe anayeingia alipiwe, kaya ikizidisha idadi mtakayokubaliana bei inapanda, na kundi la nje ya kijiji hapana kabisa. Pili, hela hiyo fungu lake liende kwa kaya zisizo na ng'ombe, na kukata nyasi, kuni kavu na mizinga ya nyuki iwe haki yao imeandikwa, wasibembeleze mtu. Tatu, pembeni kule kwenye bonde la chini kuna eneo linatuamisha maji, hilo vijana wapewe kwa mkataba walime majaruba ya mpunga, nyasi zake hata sio nzuri. Kamati nusu iwe akina mama na watu wasio na mifugo.

Mchangiaji mwingine:
Mimi yule mjane nasema, hiyo ya pili ikiandikwa kwenye muhtasari na kusomwa kabla ya kura nitanyoosha mkono kubakiza. Isipoandikwa nitapigia kugawa, na sitakuwa peke yangu.

Mleta mada:
Ni haki yako. Kesho naipeleka kwa mtendaji iingie kwenye ajenda, na wenye sheria ndogo za ngitili zinazofanya kazi vijijini kwenu, Meatu, Maswa, popote, tuwekeeni hapa jinsi mlivyopanga bei kwa ng'ombe na mnavyozuia makundi ya nje.