Naomba ushauri: utafiti wa ruzuku ya TASAF na kazi za akina mama wa dagaa

Mwana_Nyegezi:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nasoma uzamili wa uchumi hapa Mwanza. Nataka kupima kama kaya zinazopata ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), zinapunguza kufanya kazi. Nimelenga Igombe na Kayenze, mialo (fukwe za kushushia samaki) ya Ziwa Victoria, kwa akina mama wanaoanika dagaa.

Msimamizi kanipa nisome Eissa na Liebman (1996). Wao waliangalia Marekani baada ya sheria ya kodi ya 1986 kuongeza nafuu kwa wafanyakazi wa kipato cha chini wenye watoto. Waliwalinganisha wanawake wasio na waume, wenye watoto na wasio na watoto, wakaona wenye watoto wameingia kazini zaidi. Lakini nafuu ile humfikia mwenye kipato cha kazi tu. Ya kwetu humfikia mtu kwa umaskini wake. Je, nikiwalinganisha walengwa na majirani wasio walengwa itatosha? Bajeti yangu ni nauli tu.

Kokoro77:
Pesa ya bure inaleta uvivu, dogo. Jibu unalo tayari.

Takwimu_Bukoba:
Mkuu Kokoro, hilo limeshapimwa. Banerjee, Hanna, Kreindler na Olken (2017) walichambua majaribio saba kwenye nchi sita, zikiwemo Mexico, Moroko na Indonesia. Hawakukuta ushahidi kwamba ruzuku inawatoa watu kazini.

Mwana_Nyegezi, majirani hawatoshi. Mlengwa alipendekezwa na jamii yake, kisha taarifa za kaya zikakokotolewa alama. Jirani aliyeachwa huenda aliachwa kwa sababu ana mtumbwi au nyumba ya bati, na vitu hivyo hivyo vinabadilisha kazi anayofanya. Zinazolinganika ni kaya zenye alama zilizokaribia mstari unaotenganisha anayepata ruzuku na asiyepata, juu kidogo na chini kidogo. Alama hizo wanazo TASAF, kwa hiyo andika barua mapema kupitia chuo. Ukizikosa, kuna data za NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) za kufuatilia kaya zilezile tangu 2008/09. Hulipii kitu, ila kaya za Mwanza humo ni chache, utaandika kuhusu taifa.

Mama_Kayenze:
Mwanangu, marahaba. Mimi ni mtu wa dagaa, nina machache kuhusu dodoso lako.

Ukiuliza "wiki iliyopita ulifanya kazi siku ngapi", angalia kwanza mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapaki na sisi tunakaa. Ukija wiki hiyo utaandika kwamba Kayenze nzima haina kazi, mlengwa na asiye mlengwa. Na ukiwahoji hawa gizani na wale mbalamwezini, umeharibu kila kitu. Mvua nayo ni hivyo hivyo, hakuna kuanika.

La pili ndilo linaloniuma zaidi watu wanaposema uvivu. Mama asiye na mtaji anaanika dagaa wa tajiri kwa ujira, au anachukua mali kauli, yaani mzigo wa mkopo atakaoulipa akishauza, na bei anapangiwa. Akipata ruzuku, ananunua ndoo zake mbili, anaanika mwenyewe, anapeleka sokoni Mwaloni Kirumba. Kibarua kaacha kweli, lakini anaamka saa ileile na jua ni lilelile. Ukiuliza kazi ya ujira tu, huyo utamwandika kaacha kazi. Muulize dagaa ni wa nani.

Takwimu_Bukoba:
Mama, shikamoo. Hapo ndipo tasnifu ilipo. Mwana_Nyegezi, tenga saa za kibarua na saa za shughuli yake mwenyewe, kisha jumlisha. Ajira za muda za TASAF zipe safu ya peke yake, maana zenyewe ni sehemu ya mpango. Ukizichanganya na kazi nyingine hutajua kilichoongezeka ni nini.

Kokoro77:
Hii ya ndoo zake mwenyewe sikuwa nimeifikiria. Mama, na wanaume je?

Mama_Kayenze:
Wanaume wako majini baba, hao wana hesabu yao ya mgao na mwenye mtumbwi. Asiwachanganye kwenye dodoso moja.

Mwana_Nyegezi:
Asanteni sana. Barua ya TASAF naipeleka kwa msimamizi Jumatatu. Nitauliza giza zima lililopita badala ya siku saba, na wote nitawahoji ndani ya mbalamwezi moja, kwa kuwa ndipo wana nafasi ya kukaa na mimi. Mama, nikifika Kayenze nianze kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa viongozi wa mwalo?

Mama_Kayenze:
Mwenyekiti kwanza, na barua mkononi. Halafu waambie akina mama mapema kwamba hutoki TASAF, la sivyo watakuficha ndoo.