MREJESHO: Mfadhili aliyetaka kutuchimbia kisima kijijini

Wakuu, niliuliza hapa: kuna mfadhili binafsi yuko tayari kutuchimbia kisima kijijini kwetu Singida, je, wananchi tuchangie nini kisije kikafa kama kile cha zamani? Ushauri wenu umesaidia sana.

Jambo tulilipeleka kwanza mkutano mkuu wa kijiji, likaingia kwenye muhtasari, RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wakaja kupima. Mfadhili amelipia uchimbaji, pampu ya sola na tangi. Mtaro wa bomba tumechimba wenyewe kwa msaragambo, mawe na mchanga tumesomba, na kila kaya imechangia mfuko wa matengenezo.

Kinachonipa moyo zaidi ni chombo cha watumia maji, yaani umoja wa wanakijiji wa kusimamia kisima, kile kinachotambuliwa na sheria ya maji ya 2019. Mweka hazina ni mama muuza vitumbua. Kila ndoo anaiandika kwenye daftari, na jioni mapato yanasomwa palepale kilulani, kwenye bomba la kuchotea maji, wote wanasikia. Kisima cha zamani hakikuwahi kuwa na daftari.

Birika la mifugo bado, ng'ombe wanakanyaga tope hadi kwenye bomba. Hilo tumekubaliana tujenge sisi, tukishauza alizeti.