Kopa ya kahawa inashuka mfongoni, majani yanachuja kweli?

kihamba_juu
Wakuu habari za leo, niko Kilimanjaro huku, kihamba (shamba letu la nyumbani) kiko kwenye mteremko na chini yake unapita mfongo (mfereji wa maji), watu wanamwagilia humo na ng'ombe wanakunywa humohumo. Kahawa imepulizwa kopa na mrututu (dawa za ukungu zenye shaba) tangu enzi za babu, masika ikipiga tope lote linaishia mfongoni. Nasikia ukiotesha ukanda wa majani pale chini unazuia, ni kweli au stori za semina tu?

tope_jekundu
Kweli, ila ujue unazuia nini. Shaba haiozi, inabaki udongo wa juu imeng'ang'ania mfinyanzi na mboji, so inayoshuka nyingi inasafiri na tope, majani yakipunguza mbio za maji tope linatua nayo. Ile iliyoyeyuka kwenye maji inapita tu labda maji yazame ardhini. Na tope laini ndo lenye shaba nyingi na ndo linachelewa kutua kwahiyo mstari mmoja hautoshi. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka mtoni, sasa kwa vihamba vyetu hivi si utalala barabarani 😂 weka upana unaoweza. La muhimu fuata kontua (mstari wa usawa unaokatiza mteremko), maji yakija kwa kamfereji kamoja yanatoboa hapohapo na majani mengine yote yanabaki pambo.

mama_migomba
Otesha majani ya vetiva, mizizi inaenda chini hadi mita 3 na haizagai. Ng'ombe hawaipendi ikikomaa, kwahiyo juu yake weka majani ya gwatemala ya kuwakatia.

daktari_mifugo
Ng'ombe sawa, ila KONDOO msiwape majani ya ukanda huo!! Kondoo hawahimili shaba kabisa, inajaa kwenye ini pole pole huku anaonekana mzima, siku inafumuka macho ya njano, mkojo mwekundu, kwisha.

kihamba_juu
Duh, bimkubwa anao na huwa anawakatia hukohuko chini

tope_jekundu
Basi mwambie mapema. Alafu mibuni iliyozeeka badilisha kidogo kidogo, miche ya TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania) inahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, kopa utapunguza sana. Maana huo ukanda hauimalizi shaba, unailimbikiza tu pale, usije baadae ukazoa lile tope ukapeleka kwenye mboga.